Miguu Chini ya Mlango

Mdogo wangu alinichora mara moja tu katika vitabu vyake vyote, na siku aliponichora alichora miguu peke yake. Vidole kumi na kandambili, ya kushoto imekatika mkanda ikafungwa kwa waya, vinaonekana kwenye uwazi ulio chini ya mlango. Upande wa pili wa mlango mvua inanyesha. Ukurasa ule hauna neno hata moja, na unaofuata pia hauna. Waliosoma kitabu, nao ni wengi kuliko nilivyowahi kudhani, watakwambia kwamba kurasa hizo mbili ndizo zilizowaliza. Mimi zilinitia hasira, kwa sababu kandambili zile zilikuwa zangu, mlango ulikuwa wa nyumba ya walimu niliyokuwa nakaa pale Iringa, na mvua ilinyesha kweli siku ile.

Nieleze kwanza kitabu chenyewe, maana kuna watu wazima wanaoona katuni ni mambo ya watoto. Mimi nilikuwa mmoja wao. Shujaa wake anaitwa Mbebaji. Alikuwa kijana wa kawaida anayechimba dhahabu kule Makongolosi, mpaka siku shimo lilipoporomoka akainama na kuubeba udongo wote mgongoni, wenzake wakatoka mmoja mmoja kupitia kwapani mwake. Tangu hapo hakuna kinachomshinda. Anabeba lori lililopinduka mteremkoni, anabeba daraja watu wapite, anabeba nyumba inayoserereka na matope huku bibi mwenye nyumba amekaa ndani anapembua mchele. Kasoro yake ni moja. Kitu akishakibeba, uzito wake haumtoki tena. Lori ataliweka chini, lakini uzito wa lori anaondoka nao. Ndiyo sababu anatembea bega la kushoto limeshuka, na kila kitabu linashuka zaidi.

Huo ulikuwa mwendo wa mdogo wangu mwenyewe. Tangu sekondari alikuwa anabeba mkoba wa karatasi na wino begani, na mwili ukazoea. Hata koti la mvua la kijani lililopauka analovaa Mbebaji lilikuwa lake, la mtumba, refu mpaka magotini. Alianza kwa kutoa kopi na kuziuza mwenyewe stendi ya Mbeya. Baadaye wakubwa wa Dar es Salaam wakamchapishia kitabu kizuri chenye jalada gumu, na nikasikia wachimbaji wa Chunya wanabandika kurasa zake ukutani kama kalenda. Nilisikia tu. Sikuwa naongea naye.

Siku ya mvua ilikuwa hivi. Aliacha chuo cha ualimu ukiwa umebaki muhula mmoja amalize, ili achore. Mkuu wa chuo alinipigia simu asubuhi, na saa nane mchana kijana akawa yuko mlangoni kwangu, amelowa. Akagonga. "Dada," akasema. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, mkono uko kwenye komeo. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, wanafunzi wangu wote wanajua. Nilijiambia akigonga mara kumi nitafungua. Aligonga mara nne. Halafu akanyamaza, kitambo kirefu, na sikujua kwamba katika kunyamaza kule alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu na ameiona miguu yangu. Nilikuja kujua kwenye kitabu, kama watu wengine wote.

Kitabu kilipotoka, wanafunzi wa kidato cha tatu walikipitisha chini ya madawati, na nikiingia darasani wote wananiangalia miguu. Nilimpigia simu jioni hiyohiyo. Nikamwambia asikanyage kwangu tena maisha yake yote, na mimi sitakanyaga kwake. Akasema, "Sawa, Dada." Basi. Baadaye alipiga mara mbili tatu, sikupokea. Mwaka uliofuata akaugua huko Mbeya, mapafu, na Mama akaenda kumuuguza. Mama akanipigia akasema neno moja tu, njoo. Nikamwambia nina mitihani ya kusahihisha, nikimaliza nakuja. Nilimaliza siku ya Jumatano, nikafika Mbeya Alhamisi. Alikuwa amekufa Jumatano.

Tulimzika kijijini kwa Mama, nje ya Iringa. Sisi ni Wahehe, na Wangoni ni watani zetu tangu babu zetu walipochoka kupigana nao. Mtani haji msibani kulia. Anakuja kukuchokoza, kukutukana kidogo, na kumwigiza marehemu mpaka machozi yakauke. Mtani wetu pale ni fundi cherehani, jirani wa Mama, Mngoni aliyeletwa na wazazi wake kutoka Songea akiwa bado ananyonya, akakua na mdogo wangu sahani moja. Siku ya mazishi aliingia chumbani bila kuuliza mtu, akatoka amevaa lile koti la kijani, mkoba begani, bega la kushoto chini. Jamani. Mwanamke mmoja alipiga ukelele akidhani ni mwenyewe. Akatembea katikati ya waombolezaji, akachungulia sufuria la nyama, akasema kwa sauti ya mdogo wangu, ile ya kuvuta maneno kama ana usingizi, "Mama, hii ndiyo mnanipikia siku yangu? Mbwa wote wa kijiji mmewamaliza?" Watu wakaanguka kwa kicheko, maana sisi Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa. Mama, ambaye alikuwa hajafungua mdomo siku tatu, alicheka mpaka akashika nguzo.

Halafu akaja mbele yangu. Akainamisha kichwa taratibu, akaniangalia miguu. Waliosoma kitabu walicheka sana. Mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria, nami sikukasirika, nilikaa tu. Baada ya mazishi akapewa lile koti kama haki yake ya utani, akalikunja, akaenda nalo kwake, na mambo yakaisha kama yanavyoishaga.

Kampuni ya filamu ilikuja baada ya miaka miwili. Mwongozaji alikuwa mtu wa Dar mwenye adabu na subira, aliyekisoma kitabu mpaka kurasa zikalegea. Mama alikuwa ndiye msimamizi wa vitu vya marehemu, akaweka sahihi, akasema yeye hatakuja kuangalia kazi, wakimaliza wamwonyeshe. Mwongozaji akauliza kama kuna mtu wa familia anayeweza kusaidia kuandika. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimeandika michezo ya kuigiza ya shule tangu ujana wangu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Niliwaambia watu kwamba ni kwa heshima ya mdogo wangu. Uongo mtupu. Nilitaka ule mlango. Katika kitabu haufunguki. Zinapita kurasa mbili bila neno, ukurasa wa tatu Mbebaji yuko barabarani, bega limeshuka zaidi, na humwoni dada tena mpaka kitabu kinaisha. Mchoraji amekufa, hakuna wa kuongeza ukurasa. Filamu ilikuwa ndiyo nafasi yangu pekee duniani ya kuufungua, na ya kumsikia akiniambia amenisamehe. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza na sikumwambia mtu.

Kukigeuza kitabu cha picha kuwa filamu ni kazi inayokunyoosha. Unadhani yote yameshachorwa, kazi yako ni kufuata. Thubutu. Kwenye karatasi Mbebaji yuko chini ya lori, kisanduku kinachofuata lori liko begani, na msomaji mwenyewe ndiye aliyelinyanyua hapo katikati bila kujua. Kwenye kamera lazima mtu alinyanyue kweli. Walitengeneza lori la mbao nyepesi na maboksi, wakalipaka rangi, ukiligusa linayumba, na mwongozaji akasema lori siyo tatizo, tatizo ni uso wa mtu aliye chini yake. Walikuja vijana wanne kutoka Dar kujaribiwa, wana vifua vya kunyanyua vyuma. Wote walibeba vizuri. Lakini wakishaweka chini wanakuwa wepesi kama sisi wengine, wanajifuta jasho. Mwongozaji akawa anashika kichwa. Anasema, huyu amebeba, lakini hajabaki nacho.

Hapo ndipo nilipomtaja mtani. Nilisema, kuna mtu mmoja, fundi cherehani, mkimwona hamtatafuta tena.

Sasa hili ndilo kosa, na ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingeweza hata kulifanya, maana asingekuwa na mtani. Mtani anamwigiza marehemu siku ya msiba, mbele ya watu wa msiba, basi. Hakuna anayemwita tena baada ya miaka miwili kusema vaa lile koti. Sikuwahi kusikia limekatazwa. Sikuwahi kusikia limefanywa pia. Nilikwenda kwake kabla sijamwambia Mama.

Alikuwa anashona sare za shule. Nikamweleza. Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukaisha, akakata uzi kwa meno.

"Koti lipo," akasema. "Sijawahi kulivaa tena."

"Livae sasa."

"Mtani, mimi si mwigizaji."

"Nani kasema uigize? Fanya ulichofanya siku ile."

Akacheka kidogo, akaniita mla mbwa, nikamwambia babu zake walikimbia mpaka viatu wakaacha, akasema babu zake hawakuwa na viatu. Akakubali hivyohivyo, kwa utani, kwa sababu mtani akiombwa na mtani hana mdomo wa kukataa. Hilo nalo nililijua nilipokwenda.

Tulianzia Makongolosi, kwenye mashimo yenyewe. Vumbi jekundu, jua kali, wachimbaji wamejaa kuangalia. Mtani akavaa koti. Alipopiga hatua ya kwanza na bega lile, mchimbaji mmoja mzee aliyekuwa akimjua mdogo wangu alivua kofia. Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha msibani, cha kushangaa na kufurahi pamoja. Msaidizi wa mwongozaji akapaza sauti: kimya tafadhali, tunarekodi. Wakanyamaza wote. Watu mia mbili, kimya, na mtu mmoja katikati anatembea kama mdogo wangu. Mwongozaji alikuwa analia kwa furaha nyuma ya kioo chake cha kuonea picha.

Ikawa hivyo kila siku. Anavaa, wanasema kimya, anakuwa mdogo wangu. Wiki ya pili nikaona akivua koti bega halirudi. Anakula wali ameinamia kushoto. Anaomba chumvi kwa ile sauti ya usingizi, hata hajui kwamba ameomba hivyo. Vijana wa kamera waliona ni kipaji, wakawa wanamsifu. Mke wake alinipigia simu akaniuliza mume wake ana nini, maana akimpigia anaongea kama mtu aliyezikwa. Nikamwambia ni kazi, itaisha.

Tukiwa njiani kurudi Iringa tulisimama Chimala kula. Nilikuwa nimechota mchele kwenye gunia la mama mmoja, nauchezea kiganjani, nikasikia nyuma yangu, "Dada." Nilimwaga mchele wote. Niligeuka nimeshafungua mdomo kusema jina la mdogo wangu. Alikuwa mtani, hana koti, ana shati lake la kawaida, macho mekundu.

"Nisamehe," akasema. "Nilitaka kukuita mtani. Limetoka lenyewe."

Tukasimama pale kando ya magunia. Akaniambia kitu ambacho mpaka leo nakisikia.

"Msibani mlikuwa mnacheka," akasema. "Mimi naingia kwake, nyie mnacheka, kicheko chenu kinanirudisha. Ndivyo inavyokwenda. Hapa naingia, mnasema kimya. Natoka vipi? Nishike nini?"

Nikamwambia zimebaki siku nne tu, avumilie. Nilimsaidia hata kuokota mchele nilioumwaga, nikiongea haraka haraka, kwa sababu kati ya zile siku nne moja ilikuwa ya mlango, na nisingekubali aondoke kabla ya mlango.

Walipata ruhusa ya kutumia nyumba ileile ya walimu. Mimi nilishahama siku nyingi, ilikuwa tupu, rangi imebanduka, lakini mlango ulikuwa wenyewe, na uwazi wa chini ulikuwa palepale. Mvua ililetwa na gari la maji na mpira uliotobolewa. Dada aliigizwa na binti mzuri wa Mafinga, wakamtafutia kandambili, na yeye mwenyewe akafunga waya kwa makini kama ilivyochorwa. Sikuweza kumwangalia akifunga.

Skripti nilikuwa nimewagawia asubuhi. Mbebaji anagonga mara nne. Ananyamaza. Anaiona miguu. Halafu anasema, "Nimekusamehe, Dada. Fungua." Mlango unafunguka. Mwongozaji alikuwa amesitasita mwanzoni, akasema wapenzi wa kitabu watapiga kelele. Nikamjibu kwamba mimi ndiye dada. Nani angenibishia?

Mtani alinivuta kando, karatasi mkononi.

"Hili siwezi."

"Kwa nini?"

"Marehemu hakulisema."

"Umejuaje wewe?"

"Mimi namwiga mtu, mtani. Simwongezei."

Nikapandisha hasira. Nikamuuliza habari ya mbwa msibani, ile nayo marehemu aliisema lini? Akanijibu taratibu, na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya Kingoni kabisa.

"Ile kila mtu alijua ni mimi nasema. Ndiyo maana mlicheka. Hili hakuna atakayejua."

Kama ningekuwa na akili ningeacha pale. Nilimwambia, "Mtani hakatai." Nilimtolea macho kama ninavyowatolea wanafunzi. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Nilisimama ndani, nyuma ya yule binti, kando ya kamera ya pili, mahali nilipokuwa nimesimama siku ile. Maji yakafunguliwa. Kimya tafadhali. Akagonga mara nne. Kukawa kimya kama kile kile, kirefu, na nikajikuta nimeshika ukuta. Halafu sauti ya mdogo wangu ikasema, karibu sana, kwenye mbao, "Nimekusamehe, Dada. Fungua." Binti akafungua. Walilia wote, mshika taa, mpishi, dereva wa gari la maji. Mwongozaji alisema hatutarudia, haiwezekani kupata nyingine kama hii. Mimi sikulia. Nilijisikia mwepesi, nikasema moyoni kwamba imekwisha.

Nilimkuta mtani nyuma ya nyumba, amekaa kwenye tofali, anatiririka maji, koti bado limefungwa mpaka shingoni.

"Mtani," akasema kwa sauti ya mdogo wangu. "Nicheke."

Sikuelewa mara moja.

"Nicheke basi, hata kidogo. Sema chochote. Nitukane."

Nilijaribu, Mungu anajua. Nilifungua mdomo kumwambia habari za babu zake na viatu, na kilichotoka hakikuwa kicheko wala tusi. Mwisho alijifungua vifungo mwenyewe, akaliacha koti juu ya tofali, akaenda stendi na nguo mbichi. Koti ninalo mimi. Alikataa kulichukua, na mkewe alikataza lisiingie kwake.

Filamu ilipokamilika nilimpelekea Mama kijijini kama tulivyoahidi. Ilikuwa mchana baada ya ibada, nikaweka kompyuta juu ya kitambaa cha kufuma mezani, nikamletea miwani yake. Mtani tulimwita, hakuja, alituma salamu. Mama alianza kucheka Mbebaji alipotokea tu. "Mtazame huyu Mngoni," akasema, "mshenzi kabisa, mpaka anavyojikuna." Alicheka pale Makongolosi, akacheka kwenye lori. Nikaona kumbe nilijisumbua bure, kumbe mtu wa kucheka alikuwepo siku zote na ndiye ambaye sikumwomba aje.

Mlango ulipofika, aliacha kucheka. Aliangalia mpaka dada alipofungua, akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akaangalia tena.

"Huyu anayefungua ni nani?"

"Mwigizaji, Mama. Anakuwa kama mimi."

"Na haya maneno ya huyu kayasema nani?"

"Niliandika mimi."

Akavua miwani, akaiweka juu ya kitambaa. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo, hasira naijua.

"Alikuwa amekukasirikia," akasema. "Mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, namnywesha uji, najua. Nilimwambia, msamehe, ni dada yako. Akasema, Mama, hilo niachie. Nikamwachia. Ilikuwa hasira yake, alikuwa na haki nayo. Sasa wewe umekwenda kumnyang'anya."

Nikasema nilitaka kusikia mara moja tu. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza habari za mgonjwa wa jirani.

"Ungeniuliza mimi," akasema. "Ningekwambia. Pale wodini wauguzi walikuwa wanafunga mlango, baridi ya Mbeya unaijua. Kila wakifunga, anasema fungueni. Wanafunga, anasema fungueni. Wakamchoka. Nikamuuliza, baba, unataka kutuua na baridi? Akasema, Dada ana aibu. Akikuta umefungwa hatagonga."

Nilikuwa nahesabu zile siku, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na mimi niko Iringa na kalamu nyekundu na karatasi za kidato cha pili. Mama akasimama, akasema nizime hiyo mashine, akaenda jikoni kuangalia maharage yasiungue.

Filamu imezunguka sana. Watu wananisimamisha sokoni Iringa, Mbeya mpaka kanisani, wanasema Madam, pale mlango unapofunguka tulilia. Nawashukuru. Wengine wamesahau kabisa kwamba kwenye kitabu haufunguki, wanabishana nami, wanasema nikaangalie vizuri. Na mimi mwenyewe nikiitafuta sauti ya mdogo wangu kichwani, inayokuja ni moja tu, ile ya kwenye mbao, inayosema nililoandika mimi. Nimejaribu mara nyingi kumsikia akiwaambia wauguzi fungueni. Nakaa, nafumba macho, nasubiri. Sisikii kitu.